Kabla Hujalipia Tiketi: Maneno kwa Mwanafunzi Anayesafiri Peke Yake kwa Mara ya Kwanza

Ndugu mwenyekiti, wazazi na walezi mliofika, na ninyi vijana ambao barua za kudahiliwa mmeshazipata na sasa mnahesabu siku: nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa niseme juu ya maandalizi ya safari ya mwanafunzi anayekwenda nchi nyingine kwa ndege, peke yake, kwa mara ya kwanza, na njiani anabadilisha ndege. Nitasema hilo tu. Mambo ya ada, mabweni na baridi wako watakaoyaeleza vizuri kuliko mimi.

Katika vikao kama hiki maswali mengi huwa ya begi. Nibebe kilo ngapi, blanketi nichukue au niache, kompyuta niiweke wapi. Ni maswali ya haki, ila ni mara chache begi kumkwamisha msafiri mgeni. Anakwama kwenye uwanja wa katikati, pale anaposhuka kutoka ndege moja na kuanza kuitafuta nyingine. Na ugumu au wepesi wa uwanja huo huamuliwa siku ya kununua tiketi, wiki nyingi kabla ya siku ya kuagana. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye tiketi. Begi nitalipitia mbio mbio.

Tuseme unatoka mji tuuite A, unakwenda C, na hakuna ndege ya moja kwa moja. Lazima upitie B. Ukitafuta mtandaoni utaona njia mbili. Ya kwanza ni tiketi moja kutoka A mpaka C. Ya pili ina bei ya chini: tiketi ya A hadi B ya shirika moja, na nyingine ya B hadi C ya shirika lingine, kila moja imenunuliwa kivyake. Jicho hukimbilia bei, na simlaumu mtu. Lakini kabla hujatoa pesa jiulize swali moja: ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, nani ana wajibu wa kunifikisha C?

Kwenye tiketi moja, mwenye wajibu ni shirika. Limekuuzia safari ya A mpaka C na bado linadaiwa safari hiyo. Likikuchelewesha, litakutafutia ndege inayofuata bila kukulipisha upya. Kwenye tiketi mbili, mwenye wajibu ni wewe. Shirika la pili halina habari na ndege yako ya kwanza. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na kwa kanuni za mashirika mengi abiria asipotokea kwenye kipande kimoja cha safari, yaani ndege moja kati ya zilizo kwenye tiketi, vipande vilivyobaki kwenye tiketi hiyo hufutwa, hata kile cha kurudi.

Halafu kuna la mzigo. Ukiwa na tiketi mbili, mara nyingi begi lako huishia B. Inabidi ulifuate, maana yake upite uhamiaji, uingie nchini, ulichukue, upande tena ghorofa ya wanaoondoka, ujiandikishe upya na ukaguliwe upya. Na kuingia nchini kunaweza kutaka viza. Hapo ile tiketi ya bei nafuu imekudai viza ambayo tiketi moja isingekudai. Wako wanafunzi wanaolitambua hili wakiwa wamesimama kwenye kaunta ya kuondokea, ndugu jamaa wamewazunguka, na mtu wa kaunta anatikisa kichwa.

Jambo hili lina hila yake. Baadhi ya tovuti za kuuza tiketi huunganisha tiketi mbili na kuzionyesha kwenye ukurasa mmoja kana kwamba ni safari moja. Mahali fulani, kwa maandishi madogo, pameandikwa kwamba utajihamisha mwenyewe, au kwamba mzigo utauchukua njiani na kuukabidhi tena. Soma maandishi hayo. Ukishalipa, tazama nambari ya tiketi yenyewe, ile yenye tarakimu 13, ambapo tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Kama vipande vyote viko chini ya nambari hiyo moja, una tiketi moja. Msichanganye na ile kumbukumbu fupi ya herufi na tarakimu sita. Hiyo inaweza kuwa mbili hata kwenye tiketi moja halali, kwa kuwa kila shirika lina mfumo wake. Na safari yenye vipande zaidi ya vinne hupewa nambari mbili zinazofuatana, hilo lisikutishe.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonipinga: safari ya kwanza, peke yako, usinunue tiketi mbili, hata kama tofauti ya bei inauma. Ukishazoea njia, fanya utakavyo.

Sasa muda wa kusubiri pale B. Kila uwanja una kiwango cha chini cha muda wa kuunganisha ndege, na mifumo ya kuuza tiketi haikuuzii safari iliyo chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana utamsikia wakala akisema, “Dakika 55 zinatosha, mfumo umekubali.” Mfumo umekubali kwa sababu inawezekana. Inawezekana kwa mtu anayeujua uwanja, ambaye ndege yake imetua kwa wakati na yeye amekaa viti vya mbele. Wewe utakuwa kiti cha nyuma kabisa, unasubiri watu mia mbili wateremshe mabegi yao, kisha utoke ukiwa hujui kushoto wala kulia. Mimi humshauri mgeni aache saa mbili na nusu mpaka nne. Na pale atakapolazimika kupita uhamiaji na kuchukua begi, asikubali chini ya saa tatu.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazami: baada ya ndege yako ya B hadi C, je, siku hiyo kuna nyingine? Kama yako ndiyo ya mwisho, ukiikosa umelala hapo. Ukiunganisha asubuhi, na nyuma yako kuna ndege mbili zaidi zinazokwenda huko huko, kuikosa ya kwanza ni usumbufu tu. Mkiwa na njia mbili zenye bei sawa, chagueni ile yenye ndege nyingine nyuma yake.

Tazameni pia herufi tatu za uwanja. Ukiona London upande wa kufika na London upande wa kuondoka, usidhani ni mahali pamoja. LHR ni Heathrow, LGW ni Gatwick, na kati yao ni safari ya barabarani ya saa nzima au zaidi. Paris kuna CDG na ORY. Istanbul kuna IST na SAW, kimoja upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia wa mji huo huo. Tokyo kuna Narita na Haneda, yaani NRT na HND. Herufi za kufikia B na za kuondokea B ziwe zile zile. Zikitofautiana, tafuta njia nyingine, kwa sababu kubadilisha uwanja ni kuingia nchini, na tumeshasema kuingia nchini kunadai nini.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni saa ya A, ya kufika ni saa ya B. Usitoe moja kwenye nyingine ukadhani umepata urefu wa safari. Na jihadharini sana na ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 14, saa 00:35, hiyo ni dakika 35 baada ya saa sita usiku, usiku wa kuamkia tarehe 14. Nyumbani unatoka jioni ya tarehe 13. Kila mwaka kuna watu wanaofika uwanjani jioni ya tarehe 14, wamenyoosha nguo, na ndege yao imeshaondoka karibu siku nzima nyuma.

Neno moja juu ya ndege za kushirikiana. Unaweza kununua tiketi kwa shirika hili, lakini ndege inayoruka ni ya lile. Kwenye tiketi pataandikwa jina la shirika linaloendesha safari. Kaunta utakayoifuata uwanjani ni ya huyo anayerusha ndege, na kanuni za mzigo zinaweza kuwa zake, kwa hiyo jina lake lijue mapema.

Tiketi ikishanunuliwa, kazi haijaisha. Ratiba hubadilika. Uliyoinunua miezi mitatu kabla inaweza kusogezwa nusu saa huku na dakika arobaini kule, na zile saa tatu zako za kusubiri zikabaki moja na ushee. Shirika likibadilisha ratiba kwa kiasi kikubwa, una nafasi nzuri ya kuomba upangiwe njia nyingine bila malipo, lakini uombe mapema. Taarifa yenyewe humfuata yule ambaye barua pepe na simu yake vimeandikwa kwenye tiketi. Wazazi, hapa nawaomba sana: msiache ziwe za wakala peke yake, wala zenu peke yenu. Anayesafiri ndiye atakayesimama uwanjani saa tisa usiku lango limehamishwa, naye ndiye anayepaswa kupata ujumbe huo. Nambari iwe ya simu itakayokuwa hewani siku hiyo, na programu ya shirika iwe kwenye simu yake.

Jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la nyumbani, jina la shule, kifupi alichokuzoeza shangazi, yote hayo yaache. Na pasipoti yenyewe iwe na uhai wa kutosha. Nchi nyingi hutaka miezi sita mbele, na kurasa tupu.

Nageukia viza ya kupita, kwa sababu hapa ndipo wengi hujiamini kupita kiasi. Mwanafunzi ana viza ya kuingia C, ameipigania kwa jasho, na anaona mambo yamekwisha. Lakini B nayo ni nchi, na ina sheria zake hata kwa mtu asiyetoka nje ya uwanja. Nchi za Schengen, yaani zile 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zina viza maalumu ya kupita uwanjani kwa raia wa mataifa fulani, na nchi moja moja kati yao huongeza mataifa mengine kwenye orodha. Mara nyingi mwenye viza halali ya Marekani au Canada husamehewa, lakini hilo huangaliwa kwa pasipoti yako na njia yako, halifuati uzoefu wa jirani. Uingereza nayo ina viza zake za kupita, moja kwa asiyepita uhamiaji na nyingine kwa anayepita.

Marekani ni habari tofauti kabisa. Viwanja vyake havina eneo la kupitia bila kuingia nchini, kama tulilozoea kulisikia kwingine. Abiria anayetoka nje ya nchi hupita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua, na kwa kawaida huchukua begi lake, hupita forodha, halafu hulikabidhi tena, hata kama anaendelea kwa ndege nyingine. Hata anayepita tu kwenda nchi ya tatu hufanyiwa hivyo na huhitaji ruhusa ya kuingia. Kwa hiyo ukiona njia ya kwenda nchi nyingine inayopitia Marekani ni ya bei nafuu, fahamu kwanza hilo. Kuna viwanja vichache nje ya Marekani, Dublin na Abu Dhabi vikiwemo, ambako maafisa wa Marekani hukukagua kabla hujapanda. Ukipita huko ukienda Marekani, foleni ya uhamiaji iko pale B, na muda wa kusubiri uhesabiwe hivyo.

Ukienda Ulaya ukapitia Amsterdam kwenda Berlin, afisa wa uhamiaji utakutana naye Amsterdam. Kutoka hapo hadi Berlin unahesabiwa kama uko ndani. Sasa fikiria: nyaraka zako za chuo ziko kwenye begi kubwa, na begi liko njiani kuelekea Berlin. Afisa anakuuliza barua ya chuo, unamwonyesha nini? Hata Marekani, afisa unamwona kwanza, begi baadaye. Kwa hiyo karatasi zote zinazothibitisha wewe ni nani, unakwenda kusoma wapi, nani anakulipia na utalala wapi, zikae kwenye begi la mkononi, kwenye bahasha moja, pasipo kufuli. Kwa wanaokwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, fomu ya I-20 inayotolewa na chuo ni mojawapo, na mkumbuke hamruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa humo. Picha za karatasi zote ziwe kwenye simu, na nakala zibaki kwa mzazi.

Kuna pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nchi nyingi hukidai kwa anayetoka kwenye nchi yenye ugonjwa huo, na baadhi hukidai hata kwa aliyepita tu kwenye uwanja wa nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Ona jinsi kusubiri kwa muda mrefu kunavyoweza kuzaa sharti jipya. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya wiki ya mwisho haisaidii. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Yote haya yanaangaliwa wapi? Mtu wa kaunta hafuati hisia zake. Mashirika hutumia hifadhidata iitwayo Timatic, ya chama cha mashirika ya ndege, IATA, yenye masharti ya kila nchi kwa kila pasipoti. Akikupandisha bila nyaraka sahihi, shirika hupigwa faini na kulazimika kukurudisha. Ndiyo maana ni mkali, na hana ugomvi na wewe. Mashirika mengi yana ukurasa ambapo abiria mwenyewe huweka uraia wake na njia yake na kusoma masharti hayo hayo. Fanya hivyo kabla ya kulipa, si baada, kisha thibitisha kwenye tovuti ya ubalozi wa B.

Kwa aliye chini ya miaka 18: kwa mashirika mengi, kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kuruka kama abiria wa kawaida, lakini nchi na viwanja vinaweza kudai barua ya idhini ya wazazi, na mashirika mengine huwa na huduma ya kumsindikiza kwa malipo. Mashirika hutofautiana sana hapa. Pigeni simu.

Siku ya safari sitaieleza yote. Nataka mkumbuke kaunta ya kwanza, kwa sababu pale mna dakika tano za kuzungumza na mtu anayejua. Muulize begi linafika wapi, kisha usitegemee jibu la mdomo, tazama kibandiko kinachofungwa kwenye begi: herufi tatu kubwa ni za uwanja wa mwisho. Ziwe za C. Zikiwa za B, uliza kwa nini. Kipande cha kibandiko utakachopewa ndiyo hati yako ya begi, usikitupe. Uliza kama umepewa kadi za kupandia ndege zote mbili, au ya pili utaichukua B, na wapi. Kuuliza si ujinga, na foleni iliyo nyuma yako itavumilia.

Ukitua B, usifuate umati. Umati mara nyingi unatoka nje, unakwenda kuchukua mabegi na kukutana na jamaa zao. Wewe unatafuta kibao kilichoandikwa “Transfer” au “Connections”. Ukifika kwenye skrini, tafuta ndege yako kwa nambari yake, usitafute kwa jina la mji, maana mji mmoja unaweza kuwa na ndege tatu katika saa moja. Lango lililochapishwa kwenye kadi yako lingeweza kuwa limebadilika ukiwa hewani, kwa hiyo skrini ndiyo ya kuamini. Kwenye viwanja vikubwa utapanda treni au basi kwenda jengo jingine, na mara nyingi utakaguliwa tena.

Kwenye ukaguzi huo wa pili ndipo watu hupoteza vitu. Kanuni ya vimiminika vya mililita 100 ilikuja mwaka 2006, baada ya Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji. Viwanja vingine sasa vina mashine mpya na vimeilegeza, lakini uwanja wako wa pili huenda haujafika huko. Manukato uliyonunua A baada ya ukaguzi yanaweza kuishia kwenye pipa la B, isipokuwa yamo kwenye mfuko maalumu uliofungwa dukani na risiti ikionekana, na hujaufungua. Mimi ningesema usinunue kabisa mpaka urudi likizo.

Nenda kwanza langoni, lione kwa macho, ndipo utafute choo, maji na chaji. Lango hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuondoka, wakati mwingine mapema zaidi. Saa iliyoandikwa kuwa ya kuondoka ni saa ya ndege kusogea. Saa ya simu inaweza isijibadilishe mpaka ishike mtandao, na intaneti ya bure ya viwanja vingine hutaka ujumbe wenye nambari ya siri uje kwenye simu ambayo laini yake haishiki huko. Kwa hiyo kila unachohitaji, tiketi, anwani, ramani ya uwanja, kiwe kimeshapakuliwa kabla hujaondoka. Anwani na nambari mbili za simu ziandike pia kwenye karatasi.

Na ukiikosa ndege? Hili nalisemea polepole. Usitoke nje ya eneo la abiria. Usinunue tiketi mpya. Fungua programu ya shirika kwanza, kwa sababu mara nyingi mfumo umeshakupangia ndege nyingine kabla hujafika mlangoni. Kisha nenda kaunta ya wanaounganisha ndege, jipange kwenye foleni, na ukiwa kwenye foleni piga simu ya shirika au waandikie. Atakayejibu kwanza ndiye wa kushughulika naye. Ukitaka kulia, lia, ila ukiwa ndani ya foleni. Uliza mambo matatu: ndege mpya ni ipi, begi langu limefuata, na chakula na malazi vipi. Wakikupa hoteli iliyo nje ya uwanja, uliza kama pasipoti yako inakuruhusu kutoka. Kama hairuhusu, waambie, kuna viwanja vyenye hoteli au vyumba vya kupumzikia ndani.

Ikiwa safari imeanzia nchi ya Umoja wa Ulaya, au unaelekea huko kwa shirika la huko, kanuni ya Umoja huo namba 261 ya mwaka 2004 inakupa haki ya kuhudumiwa unaposubiri. Ukifika mwisho wa safari umechelewa saa 3 au zaidi na sababu yake si dharura isiyozuilika, kuna fidia ya euro 250 hadi 600 kutegemea umbali. Kwa tiketi moja, kuchelewa huhesabiwa mpaka mji wa mwisho. Ni sababu nyingine ya ile tiketi moja.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke kwenye ukumbi huo kabla hujaandikisha taarifa na kupewa nambari. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya begi lililoharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na begi lisilofika ndani ya siku 21 huhesabiwa limepotea. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), yaani takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria. Kompyuta na vito havina kazi kwenye begi hilo.

Basi na begi lenyewe. Pawabenki iende mkononi, kamwe isipakiwe. Iliyo chini ya wati-saa 100 inakubalika bila kuomba ruhusa, na ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo imo. Dawa pamoja na cheti cha daktari, nguo moja ya kubadilisha, chaja, kalamu. Na usibebe kifurushi cha mtu, awe rafiki, awe jamaa, awe mama mzee uliyemkuta kwenye foleni. Forodhani begi ni lako na kilichomo ni chako. Hapo sina mjadala.

Siku ya kufika, chagueni siku ya kazi na saa za mchana, siku mbili tatu kabla ya usajili. Chuo kikifungwa jioni ya Ijumaa, anayetua Ijumaa usiku hana wa kumpigia mpaka Jumatatu.

Wazazi, mwisho niwaombe ninyi. Kubalianeni na mtoto juu ya ujumbe mfupi mara tatu: nimekaa langoni B, nimetua C, nimefika chumbani. Katikati ya hapo, nambari ya ndege mnayo, ifuatilieni kwenye tovuti za kufuatilia ndege na mwacheni atembee. Akipita saa nne kimya, huenda yuko kwenye foleni ya uhamiaji, ambako mahali pengi hata simu hairuhusiwi. Mkimpigia mara kumi na tano mnammalizia chaji aliyokuwa aitumie kuonyesha kadi ya kupandia ndege.

Nina muda wa maswali. Lakini kwanza, yeyote aliyekwisha kununua tiketi na anayo kwenye simu aje hapa mbele. Tuitazame nambari ya tiketi, herufi za uwanja na saa za kusubiri. Kama kuna la kubadilisha, ni rahisi zaidi kulibadilisha leo.